Silikanti wa Kibuye: shajara ya mradi wetu wa sanamu

Februari 3

Samaki amechaguliwa. Watoto wa klabu ya sayansi walimtaka papa, nami nikawashawishi wamchukue silikanti, samaki wa bahari ya kina kirefu. Sanamu itakuwa na ukubwa wake halisi na itaning'inizwa katika chumba cha watoto kwenye maktaba ya mtaa hapa Manyatta, Kisumu. Ubavu mmoja utaachwa wazi ili viungo vya ndani vionekane.

Vipimo tumevipata humu humu nchini. Aprili 2001 meli ya kukokota nyavu ilimnasa silikanti nje ya Malindi, wa kwanza kujulikana katika maji ya Kenya: mita 1.7, kilo 77. Huyo ndiye tunayemwiga. Wa kwanza kabisa kufika mikononi mwa wanasayansi alikuwa mfupi kidogo, mita 1.5, naye alivuliwa Desemba 1938 karibu na mdomo wa mto Chalumna, Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer, aliyesimamia makumbusho ndogo ya mji wa East London, alimwona kwenye rundo la samaki melini bandarini na akakataa katakata kumwacha. Mwaka uliofuata mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith akampa jina la kisayansi, Latimeria chalumnae. Kabla ya hapo jamii yote ya silikanti ilijulikana kwa visukuku tu, yaani mabaki yaliyogeuka jiwe, na visukuku hivyo vinakoma miaka milioni 66 iliyopita. Nilipofika hapo papa hakutajwa tena.

Fedha: mchango wa wazazi, pamoja na rangi iliyobaki kwa jirani anayemalizia nyumba. Magazeti ya zamani tunayo mengi kuliko tunavyohitaji.

Februari 7

Swali la leo: kwa nini tusimlete akiwa hai, tukamweka kwenye tangi la kioo?

Nilifurahi kwamba limeulizwa, kwa sababu jibu lake ndilo sababu ya mradi wote. Damu ya silikanti hushika oksijeni vizuri zaidi maji yakiwa na baridi ya nyuzi 15 hadi 18 hivi. Matamvua yake ni madogo mno kwa mwili wa namna ile, lakini kule chini yanamtosha, maana yeye hana haraka na kitu chochote. Akipumzika, oksijeni anayotumia ni miongoni mwa viwango vya chini kabisa vilivyowahi kukadiriwa kwa mnyama mwenye uti wa mgongo. Sasa mvute mpaka juu. Maji ni ya uvuguvugu, mwili unadai oksijeni zaidi, maji yenyewe yana oksijeni pungufu, na damu inashindwa kuikamata. Anakufa kwa kukosa pumzi katikati ya maji, kwa kawaida baada ya saa chache. Ndiyo maana hakuna anayemfuga popote duniani, na ndiyo maana sisi tunanunua waya.

Februari 10

Tulienda Dunga, ufukwe wa wavuvi ziwani, kuzungumzia kina, kwa sababu darasani mita mia mbili ni namba tu. Ziwa Victoria, pale lilipo na kina kirefu kabisa, lina kama mita 80. Ghuba yetu ya Winam haifiki hata hapo. Silikanti hujificha mchana kwenye mapango ya miamba, mara nyingi kati ya mita 100 na 300, na usiku hutoka kuwinda kando ya mteremko wa miamba hiyo hiyo. Wameonekana hata karibu na mita 700. Kwa hiyo pale ziwa letu linapoishia, yeye bado hajaanza.

Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu pwani. Kwenye mita 200 ni mara 21. Watoto wakakata shauri kwamba samaki huyo lazima awe mgumu kama jiwe. Hapana. Maji na nyama havibanwi kwa urahisi, hewa ndiyo inayobanwa. Samaki mwenye kifuko cha hewa tumboni akivutwa haraka kutoka chini, hewa ile hutanuka na kumharibu. Silikanti hana tabu hiyo. Mahali ambapo samaki wengi wana kifuko cha hewa, yeye ana kiungo kirefu kilichojaa mafuta, na mafuta hayo humsaidia kuelea bila kupiga mkia.

Ndani ya mafuta hayo kuna pafu. Ni pafu kweli, lakini limebaki kama alama tu. Katika kiinitete linaanza kukua vizuri, kisha ukuaji wake unapungua, na kwa samaki mzima halifanyi kazi yoyote ya kupumua. Inaonyesha mababu zake waliwahi kuishi kwenye maji ya juu, ambako pafu lilikuwa na faida. Kwenye sanamu tutalitengeneza kwa kitambaa chekundu, ingawa rangi hiyo ni ya kuonekana na watoto, si ya uhalisia.

Februari 15

Kibuye, kwa fundi wa kuchomelea. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu kisha akauliza, "Mwalimu, uti wa mgongo uko wapi? Umenichorea mpira wa maji."

Ni kweli nilimchorea mpira. Silikanti hana pingili za mgongo tulizozizoea. Ana mrija mmoja mnene, wenye kuta imara zinazopindika, uliojaa majimaji ya mafuta, unaotoka kichwani mpaka mkiani. Wataalamu huuita notokodi. Binadamu naye huwa nayo akiwa kiinitete, kisha pingili huchukua nafasi yake. Silikanti anabaki nayo maisha yote.

Ili jambo lieleweke, mtoto mmoja anayetoka Obunga alileta mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki kiwandani baada ya minofu kutolewa, ambayo kule hukaangwa na kuuzwa. Tuliuosha tukahesabu pingili mmoja baada ya mwingine. Hakuna kielelezo cha bei nafuu kuliko hicho mjini humu, na kilichobaki kililiwa.

Fundi ndiye aliyetoa wazo la kutumia mpira wa maji unaoonyesha ndani, ujazwe mafuta ya kupikia na kuzibwa ncha zote mbili. Nimelipenda sana. Nondo nyembamba itapita chini ya mpira kubeba uzito, maana mpira peke yake utalegea.

Februari 22

Kichwa. Hapa tumekwama kwa raha.

Fuvu la silikanti limegawanyika sehemu mbili, ya mbele na ya nyuma, na katikati kuna kiungio. Hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo aliye hai leo mwenye kiungio hicho kinachofanya kazi. Akitaka kumeza, taya la chini linashuka na wakati huo huo pua inainuka, kinywa kinakuwa kipana ghafla, na maji yanaingia pamoja na windo. Msuli mkubwa chini ya fuvu hukirudisha kichwa mahali pake. Fundi aliweka bawaba ya mlango wa kabati na sasa ukivuta kamba, pua inapanda. Watoto wameivuta mpaka nimelazimika kuificha.

Ubongo wenyewe hujaza kama asilimia 1.5 tu ya nafasi iliyo ndani ya fuvu la samaki mzima. Sehemu nyingine ni mafuta. Tumeweka gololi moja kwenye bakuli la nta. Kijana mmoja akauliza kama inawezekana kuishi hivyo, wenzake wakamjibu kwa jina la mtu wa darasa lao. Nikafanya sikusikia.

Puani kuna kifuko chenye ute, chenye jozi tatu za matundu ya kufungukia nje. Hiki ndicho anachotumia kuhisi umeme mdogo unaotoka kwenye miili ya windo lake. Mtafiti Hans Fricke na wenzake walishuka Visiwa vya Komoro kwa chombo kidogo cha kuzamia, na mwaka 1987 wakawa wa kwanza kumpiga picha za filamu silikanti akiwa kwake chini. Walimwona akigeuka kichwa chini mkia juu, akabaki hivyo akielea polepole juu ya mwamba. Walipopitisha umeme dhaifu majini, alifanya vivyo hivyo.

Machi 1

Mapezi. Pezi la kwanza la mgongoni ni la kawaida, linafunguka na kufungwa. Mengine, yaani mawili ya kifuani, mawili ya tumboni, la pili la mgongoni na lile la chini nyuma, yana shina la nyama na mifupa ndani yake, kisha ndipo huja vijiti vya pezi. Ukiyashika kwenye sanamu unaona wazi kwa nini watu walidhani samaki huyu hutembea kwenye sakafu ya bahari.

Hatembei. Picha za Fricke zilimaliza ubishi huo. Pezi la kifuani la kushoto huenda pamoja na la tumboni la kulia, kisha yanabadilishana, mpangilio ule ule wa mnyama wa miguu minne, lakini anafanya hivyo akiwa ameelea. Mapezi humsaidia kukaa sawa kwenye mkondo na kugeuka kwenye nafasi finyu za pango. Mkia mkubwa anauweka akiba kwa mruko mmoja wa kukamata windo au kukimbia. Kwa hiyo tumeacha lile wazo la kumsimamisha juu ya mawe. Ataning'inia kwa waya, kichwa kikiwa kimeinama kidogo, karibu na mwamba bila kuugusa.

Machi 9

Siku ndefu kuliko zote, na ndiyo niliyokuwa nikiisubiri.

Mvuvi wa Dunga alituletea kamongo kwenye karai. Watoto wote wanamjua kamongo, wengine kwa mchuzi, wengine kwa sababu nyanya zao hawataki hata kumwona jikoni. Niliwaomba wamtazame tu. Baada ya muda alipandisha pua juu ya maji, akavuta hewa, akashuka. "Japuonj, huyu usimfunike," mvuvi akaniambia, akiniita mwalimu kwa Kijaluo, "ukimfunika anakufa maji kama mtu." Ni sahihi. Kamongo mzima ana mapafu mawili yanayofanya kazi, na matamvua yake hayamtoshi. Akizuiwa kufika juu, anakufa.

Kisha nikauliza: kati ya kamongo, mbuta na silikanti, nani ndugu wa karibu zaidi wa binadamu? Karibu wote walisema silikanti, kwa sababu ya yale mapezi ya nyama. Mapezi ya kamongo ni nyuzi tu, unaweza kudhani ni uchafu ulionasa mwilini. Mmoja akamtaja mbuta kwa sababu ana pingili za mgongo kama sisi, na hoja yake niliiheshimu.

Jibu ni kamongo. Jenomu ya silikanti, yaani maandishi yake yote ya urithi, ilisomwa na kuchapishwa mwaka 2013, na ulinganisho wa jeni nyingi ulionyesha kwamba kundi la kamongo ndilo lililo karibu zaidi na wanyama wa miguu minne, kisha ndipo anafuata silikanti. Mbuta yuko mbali, kwenye tawi jingine kabisa pamoja na ngege, omena na samaki wengi tunaowajua. Yaani kamongo na mbuta wanaishi ziwa moja, wanauzwa soko moja, lakini kamongo ni ndugu yetu wa karibu kuliko alivyo ndugu wa mbuta. Watafiti wale hawakuweza kusoma jenomu nzima ya kamongo wakati huo kwa sababu ni kubwa kupita kiasi, wakatumia jeni zinazofanya kazi tu. Jenomu nzima ya kamongo wa Afrika Magharibi ilikuja kukamilika mwaka 2021, ikakutwa na herufi kama bilioni 40, zaidi ya mara kumi ya zetu.

Kuna jambo jingine linalowaunganisha kamongo na silikanti ambalo kwangu ni tamu kuliko hata mapafu. Baadhi ya kamongo wa Afrika, bwawa likikauka, hujichimbia kwenye matope na kulala humo miezi mingi. Sumu ya mwili, ambayo kwa kawaida samaki huimwaga majini ikiwa amonia, haina pa kwenda, kwa hiyo huigeuza kuwa yurea na kuilimbikiza. Silikanti naye hulimbikiza yurea kwenye damu, lakini kwa shida iliyo kinyume: maji anayo tele, ila ni ya chumvi na yangemnyonya. Akiwa na yurea ya kutosha mwilini, pamoja na kemikali nyingine, damu yake inalingana na bahari, wala hahitaji kupigana nayo. Papa hufanya vivyo hivyo. Yurea hiyo pamoja na mafuta yake ndiyo inayofanya nyama ya silikanti iwe mbaya mdomoni, na huenda imemwokoa na sufuria nyingi.

Tumebadilisha mpango wa ukuta. Nyuma ya silikanti kutakuwa na kamba tatu zinazoachana: moja inakwenda kwa mbuta, nyingine kwa silikanti, na ya tatu inakwenda mbele kabla ya kugawanyika kati ya kamongo na alama ya kiganja cha mtoto. Alama za viganja zimegombaniwa. Itabidi ziwe nyingi.

Machi 14

Magamba yameanza. Karatasi nzito tumetengeneza kwa gugumaji lililoanikwa, likapondwa na kuchanganywa na magazeti yaliyolowekwa. Ina ukwaru, na ndivyo inavyotakiwa, maana gamba la silikanti ni nene na sehemu inayoonekana imejaa vijimiiba vidogo. Yanapandana mpaka mwili unafunikwa tabaka juu ya tabaka.

Machi 20

Tumbo. Nilikuwa nataka tuweke mayai tu, kisha nikaona tuweke watoto.

Silikanti huzaa. Hilo lilithibitishwa mwaka 1975, jike lililokuwa limehifadhiwa kwenye makumbusho ya New York lilipopasuliwa na kukutwa na vitoto vitano tumboni. Jike jingine lililovuliwa Msumbiji mwaka 1991, lenye kilo 98, lilikuwa na vitoto 26, kila kimoja zaidi ya sentimita 30. Mayai yake ni makubwa kuliko ya samaki wengine wenye mifupa, kipenyo kama sentimita 9, chungwa kubwa kabisa la soko la Kibuye.

Kuhusu umri, utafiti wa Wafaransa uliochapishwa mwaka 2021 uliwashtua wengi. Zamani ilidhaniwa anaishi miaka 20 hivi, kwa kuhesabu alama zinazoonekana wazi kwenye gamba. Walipotumia mwanga maalumu wa darubini walikuta alama nyingine nyembamba mno katikati ya zile, moja kwa kila mwaka. Mzee kuliko wote waliowapima alikuwa na miaka 84, na wakakadiria kwamba anaweza kukaribia 100. Mimba huchukua kama miaka mitano. Jike huanza kuzaa akikaribia miaka 60. Msichana mmoja akapiga hesabu ubaoni: silikanti jike aliyezaliwa mwaka wa uhuru, 1963, ndiyo kwanza sasa anapata watoto. Nimeiweka hesabu yake kwenye kadi ya maelezo kama alivyoiandika.

Machi 27

Rangi. Picha nyingi za silikanti aliyehifadhiwa zinaonyesha samaki wa kahawia, na jirani alikuwa ametuachia kopo zima la kahawia, kwa hiyo kishawishi kilikuwa kikubwa. Lakini hiyo ni rangi ya kifo na ya dawa. Silikanti wa upande wetu wa Bahari ya Hindi akiwa hai ni wa bluu iliyoiva, mwenye mabaka meupe yasiyofanana kwa samaki wawili. Watafiti huwatambua mmoja mmoja kwa mabaka hayo. Ndani ya pango, weupe ule unachanganyika na maganda na sifongo vilivyoshika ukutani. Yule wa Indonesia, aliyetambuliwa miaka ya 1990 na kupewa jina lake mwaka 1999, ndiye wa kahawia hata akiwa hai.

Macho: nyuma yake kuna tabaka linalorudisha mwanga, na chembe zake za kuonea zimeelekezwa kwenye bluu, kwa sababu kule chini hakuna rangi nyingine inayofika. Tumekata kipande cha reflekta kutoka koti kuukuu la bodaboda. Ukimulika tochi, jicho linawaka.

Aprili 4

Kikao cha maandishi ya ukutani. Mzazi mmoja alitaka tuandike kwamba silikanti hajabadilika tangu enzi za dinosaria. Nilipinga. Protini zake zimebadilika polepole kuliko za wanyama wengi, hilo utafiti wa 2013 ulilionyesha, lakini polepole si kusimama. Pafu lililokwisha nguvu ni mabadiliko. Mabaki ya jenasi (kundi dogo la spishi za karibu) ya Latimeria yenyewe hayajapatikana kwenye visukuku. Waliopatikana ni jamaa zake, wenye maumbo mbalimbali, wengine wa maji yasiyo na chumvi. Tumeandika hivyo.

Kadi ya mwisho inahusu Tanga. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa upande wa Tanzania wamekuwa wakiwanasa kwenye jarife, nyavu za papa zinazotegwa kwenye kina kirefu, bila kuwakusudia. Mwaka 2009 serikali ilitangaza hifadhi ya bahari huko kwa ajili yao. Nilitaka kadi hiyo iwe karibu na ile ya umri, kwa sababu jike akinaswa kabla ya miaka 60 ameondoka bila kuacha mtoto hata mmoja.

Aprili 9

Kilichobaki: mkia. Una sehemu tatu, juu na chini pana, na katikati kimkia kidogo kinachochomoza nje na ambacho samaki hukipinda huku na huku. Fundi anakichomelea kwa waya wa kuku ili nacho kipindike. Mafuta ndani ya mpira yanavuja kidogo upande wa kichwa, ataongeza kibano.

Usafiri ni mkokoteni, kutoka Kibuye asubuhi kabla jua halijalainisha gundi. Boriti ya maktaba ilipimwa jana kwa gunia la mchanga na ikashika. Kamongo wa ukutani bado hajachorwa. Waliojitolea kumchora ni wale wale ambao nyanya zao hawamtaki jikoni.